Jeneza Hurudi Msikitini

Alipofariki Raila Odinga huko India tarehe 15 Oktoba 2025, kisha akazikwa Bondo tarehe 19 mwezi huo huo, Wakenya wengi walishtushwa na mambo mawili: kifo chenyewe, na upesi wa maziko yake. Aila yake ilitangaza kwamba mwenyewe aliusia azikwe kabla ya kupita saa 72. Mtu wa cheo kile, na nchi imezoea kuwaona wakubwa wakiwekwa wiki mbili tatu, ratiba zikipangwa na kupanguliwa! Kwa siku nyingi baada ya hapo, katika mikahawa ya Pumwani, sokoni Gikomba na ndani ya matatu za Jogoo Road, nilikuwa nikisikia mazungumzo ya namna moja. Kwamba gharama za kuweka maiti zimezidi. Kwamba kamati na michango imewachosha watu. Na aghalabu hutokea mmoja akasema: "Si tufanye kama Waislamu?"

Kauli hiyo ilinifurahisha, walakini ilinitia fikira. Hao wanaotaka kutuiga na sisi tunaoigwa twatumia maneno yale yale ya Kiswahili tukizungumza habari ya kufa na kuzika, na kila upande umeyachukua kwa maana yake. Kazi yangu mimi ni maneno, kwa hivyo huko ndiko nitakakoanzia, kabla ya kufika kwenye ardhi, ambako ndiko kwenye mashaka.

Tuanze na jina la shughuli yenyewe. Gazeti likiandika, au mtangazaji akisema, husema "mazishi". Sisi watu wa pwani tukimtangaza maiti msikitini twasema "maziko": maziko ni baada ya alasiri, maziko ni saa kumi. Wazee waliotulea walikuwa wakiyapambanua. Maziko ni tendo la kuzika. Mazishi ni vile vinavyohitajiwa ili tendo hilo litimie: sanda, pamba, kafuri, ubani, na fedha za kuvinunulia. Huku Nairobi mazishi yamemeza yote mawili, na kwa kweli mimi siwezi kuwalaumu wenye kusema hivyo, kwani kwao hayo mazishi kwa maana ya kale, yaani vifaa na gharama, ndiyo yaliyo makubwa kuliko maziko. Kuna kamati ya mazishi, bajeti ya mazishi, kundi la simu la mazishi, basi la kusafiria kwenda mazishini. Tendo la kumtia mtu mchangani huchukua nusu saa. Basi neno limekosewa na papo hapo limepata.

Kitenzi chenyewe, kuzika, si cha mtu mmoja. Mkikuyu asema guthika, Muganda asema kuziika, Mgiriama azika kama sisi. Ni neno la kale la Kibantu, tulilokuwa nalo kabla hatujamjua Mwarabu wala Mreno. Lakini lile shimo tumelipa jina la kigeni: kaburi, kutoka Kiarabu. Ndugu zetu Wagiriama wangali wasema mbira, na Mkikuyu asema mbirira, na msomaji ataona mara moja kwamba hayo mawili ni ndugu. Sisi tuliposilimu tuliacha neno la mababu tukachukua la Kitabu. Na lilivyotukaa vizuri! Ukisema "makaburi" Mswahili aona ni wingi wa kaburi kama magari ni wingi wa gari, ilhali mwenye chuo asikia ndani yake lile neno la Kiarabu la maziara, ambalo nalo laanza kwa ma.

Neno moja la zamani lilisalia, nalo ni mava. Bibi zetu hawakusema "wameenda makaburini", walisema "wameenda mavani". Limetokana na kufa, hapana shaka, na lilikuwa na upole fulani, kana kwamba ni jina la mtaa mwingine wa mji. Nimewauliza vijana wa Kiislamu hapa Eastlands, waliozaliwa Majengo na ambao wazazi wa wazazi wao walitoka Mombasa na Lamu, na katika kumi ni mmoja aliyelijua. Kule Mombasa kwenyewe laanza kuwa neno la wazee.

Maziara nalo lina kisa chake. Asili ni kuzuru. Sura ya 102 katika Kurani imeziweka mahali pamoja asili mbili, ya kuzuru na ya makaburi, ikiwakemea watu wanaoshindana kwa wingi wa mali hata wakafika huko. Na imepokewa katika hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hapo mwanzo alikataza kuzuru makaburi kisha akaruhusu, kwa kuwa hukumbusha Akhera. Ndiyo maana pwani ziara ikawa ni kwenda kaburini. Mwenda Lamu wakati wa Maulidi hakosi ziara ya kaburi la Habib Swaleh. Sasa fungua gazeti lolote: ziara ya Rais, ziara ya Waziri, ziara ya Gavana kukagua mitaro. Sina ugomvi na jambo hilo. Nastaajabu tu kuwaona wakubwa wakitangaziwa ziara, na mimi niliyesoma chuoni nikitafuta kwa macho kaburi liko wapi.

Lakini neno lililopinduka kuliko yote ni jeneza.

Mwaka fulani tulimzika mtu wa Shauri Moyo katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Katika waliotusindikiza alikuwamo jirani yetu, Mkristo, mtu wa Magharibi, aliyekaa na marehemu nyumba mkabala kwa zaidi ya miaka 20. Tulipomaliza tukawa twarudi, vijana wanne wamebeba jeneza tupu. Yule bwana akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mzee, samahani, mbona mnarudi na jeneza? Kuna kitu kimeharibika?"

Nikamwambia, "Hapana, ndugu yangu. Hili ni la msikiti."

Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba kwao la babake lilichukua michango ya miezi miwili.

Jeneza, ndugu msomaji, ni neno la Kiarabu, na kwa lugha ya pwani ni kile kitanda chenye mikono cha kuchukulia maiti. Hutoka msikitini, hufika nyumbani, huenda makaburini, hurudi msikitini kumngojea mwingine. Tajiri amepanda hilo hilo na hamali hilo hilo. Kanisa lilipofika na sanduku lake la mbao, Kiswahili hakikuwa na jina lake tayari, na wenye kutafsiri wakalitwaa lililokuwa karibu. Leo kijana wa Buruburu ukimwambia jeneza hufahamu sanduku lililopigwa vanishi, lenye kioo na vishikio vya kung'aa, linalonunuliwa mara moja na kuzikwa mara moja. Zipo biashara za mitaa mizima zinazoishi kwa neno hilo. Basi anaposema "tufanye kama Waislamu" akawa hajui kwamba jeneza letu hurudi, hajafahamu bado nusu ya anachokitaka. Saa 72 au saa 24 hazipunguzi gharama ikiwa sanduku lingali lanunuliwa.

Matanga nayo yafaa nitaje, maana ndiyo yanayoniuma zaidi. Tanga ni la jahazi, na ni kitu cha kutandikwa. Kukaa matanga ni kukaa chini mkekani kwa wafiwa, kwa utulivu, mpaka siku ya kuondoa matanga, watu wakasomewa hitima wakatawanyika. Leo nchi nzima yalijua neno hilo kwa jina la "disko matanga". Ni muziki wa usiku kucha karibu na maiti, vijana wadogo wa kike na wa kiume gizani, na serikali imepiga marufuku si mara moja wala mbili. Hilo lafanyika Kilifi na lafanyika Magharibi, na hapa Eastlands mikusanyiko ya kuchangisha ya usiku hufuata njia hiyo hiyo. Neno la mkeka limekuwa neno la spika.

Sasa tuje kwenye ardhi.

Mtaa wa Kariokor, kama wajuavyo wengi, jina lake ni Kiingereza kilichovunjwa na ndimi zetu. Ni Carrier Corps, kikosi cha mapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na Kariakoo ya Dar es Salaam ni ndugu yake wa baba na mama. Watu hao walibeba risasi na unga mpaka Tanganyika ya Wajerumani, wakafa kwa maelfu kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa bunduki. Makaburi yao hayapo. Mwaka 2021 halmashauri ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Walichowekewa wao ni sanamu ya askari mjini Nairobi, iliyoandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kwa hivyo mtaa umeitwa kwa jina la watu wasiokuwa na kaburi, na ndani yake pana makaburi ya Waislamu yaliyobanana hata huwezi kupita bila ya kutazama unapokanyaga.

Waliolazwa humo ni kina nani? Ni watu wa kijiji cha Pangani kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakahamishiwa Shauri Moyo. Ni watu wa Pumwani, iliyoanzishwa mapema katika miaka ya 1920: waliokuja na reli, maaskari wa zamani, wapishi, mafundi wa kushona, na wanawake wengi waliokuja peke yao, wakafanya kazi, wakajenga nyumba zao za udongo na kuzipangisha, wakasilimu. Mwanamke wa namna hiyo alikuwa hana shamba bara, na mara nyingi ndugu zake walikuwa wamemkana. Alipokufa, nani angemzika? Walimzika majirani. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakifanya baadhi, waliobaki wamevuliwa dhima, wasipofanya wote, dhambi ni ya wote. Kwa sheria hiyo moja watu wasiojuana asili wakawa ni watu wa mji. Mwosha huoshwa, wasema wahenga, na Majengo ndivyo palivyokuwa.

Hili wenzetu wengi wa Nairobi hawalijui, kwa sababu kwao Nairobi si mahali pa kuzikwa. Msomaji wa umri wangu hawezi kuisahau kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika Matasia, Ngong, walikokuwa na shamba. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa siku 154. Mahakamani mzozo ulifika mahali pa lugha kabisa: mtu aweza kuwa na nyumba Nairobi, wakasema wazee, lakini nyumba si nyumbani. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Kiswahili, kwa kuongeza "ni" moja tu mwishoni, kilitoa hukumu ile kabla ya majaji.

Tangu siku ile nimeona kila anayefariki Umoja, Dandora au Kayole huandikwa gazetini kwamba atasafirishwa "nyumbani" kwa mazishi. Sawa, na Mungu awafikishe salama. Lakini sheria hiyo ya lugha yamfanya mtu wa Pumwani aonekane kama mpita njia, maana yeye hasafirishwi. Nimemsikia karani mmoja akimwuliza kijana aliyezaliwa Majengo, na ambaye baba yake na babu yake wamezikwa Kariokor: "Nyumbani hasa ni wapi?" Kijana alikosa la kujibu. Kama kaburi ndilo hati ya mtu kuwa na kwao, huyu alikuwa na hati mbili, umbali wa dakika kumi kwa miguu.

Hati hizo ndizo zinazokatika. Makaburi makubwa ya Lang'ata, yaliyofunguliwa 1958, yalitangazwa kujaa mwaka 1996, na mpaka leo watu wangali wazikwa humo, wafu juu ya wafu. Mwaka 2009 Baraza la Jiji lilinunua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi milioni 283 ili iwe pa kuzikia. Ikabainika bei imezidishwa mara nyingi, na chini ni mwamba, hapachimbiki. Wakubwa kadhaa walifikishwa mahakamani na mwaka 2018 baadhi yao wakahukumiwa kufungwa. Katika ufisadi wote ulioandikwa nchini mwetu, mimi huona huo wa kuwaibia wafu ndio uliotangulia mbele.

Jiji sasa huuza kaburi la namna mbili, "la muda" na "la kudumu", kila moja kwa bei yake. Hebu sikiliza maneno hayo kwa sikio la mtu aliyesoma. Kwetu hapana kaburi lililokuwa la kudumu, maana kila mwenye kaburi ni mwenye kungojea kufufuliwa. Na wanazuoni hawakukataza kumzika mtu pale alipozikwa mwingine, maadamu wa kwanza amekwisha kuwa udongo. Kwa hiyo sisi hatuna haki ya kupiga kelele kwamba makaburi ya Kariokor yarudiwa. Haki yetu ya kupiga kelele ni nyingine: kwamba yarudiwa kabla ya wakati. Udongo mweusi wa upande huu wa mji huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na mchimbaji akikuta mifupa hana budi kuisogeza kando na kuendelea, kwa kuwa maiti amekwisha kufika mlangoni. Hilo la mifupa ndilo wanazuoni walilolikataa.

Udongo huo huo umeligusa neno lingine la zamani. Ndani ya kaburi letu mna mwanandani, yaani kaburi dogo ndani ya kaburi, ambamo ndimo alazwamo maiti kwa ubavu wa kulia akielekezwa Kibla, kisha hufunikwa kwa viunza vya mbao kabla ya mchanga kurudishwa. Kwenye ardhi iliyoshikana huchongwa ubavuni. Huku Eastlands ubavu waporomoka, kwa hivyo huchimbwa katikati, na sheria yaruhusu. Watu wa bara wanaoona maiti akiteremshwa bila sanduku hudhani tumemtupa mchangani. Hawaoni ile nyumba ndogo iliyo chini.

Mwezi Juni 2024, vijana walipouawa Nairobi katika maandamano ya tarehe 25, mmoja wao alikuwa Mwislamu wa upande huu wa mji, akazikwa Kariokor wiki hiyo hiyo. Vijana wa kila dini walifurika makaburini, wengi mara yao ya kwanza kuyaona maziko yetu. Waliingia kwa kelele za bendera, na ilipofika sala wakanyamaza wenyewe, hapana aliyewaamuru. Nafikiri wengi katika hao wanaosema leo "tufanye kama Waislamu" waliyaona maziko hayo, kwa macho au kwa simu.

Nao wakija kuzika kwa upesi, watazika wapi? Mitaa ya zamani ya Eastlands imo katika mipango ya kubomolewa ijengwe magorofa, na kazi mahali pengine imekwisha kuanza. Palipokaa aila mia watakaa elfu. Hao elfu watakufa pia. Katika mikutano ya wananchi husikika maji, umeme, shule na maegesho ya magari. Maimamu wetu wa Pumwani, Eastleigh na Kaloleni waende na daftari zao, waonyeshe wamezika wangapi kwa mwezi, na waseme kwa Kiswahili kilicho wazi kwamba mji ulioongezwa watu huongezwa na mava. Wasingoje kuitwa. Na wasiende peke yao. Wamchukue padri wa mtaa, kwa maana waumini wake nao wameanza kuchoka na safari.

Pana bibi mmoja Majengo, umri wake wapita 80, nyumba ya mamake ni katika zile za mwanzo. Sanda yake aliletewa na mahujaji, imeoshwa kwa zamzam, imo sandukuni pamoja na fedha za mchimbaji. Mazishi yake, kwa ile maana ya zamani, yamekwisha kutimia. Nilipokwenda kumjulia hali hakunizungumzia sanda. "Mwanangu," akaniambia, "wewe waandika magazetini. Waulize wale wa kamati, ule mstari wa ukutani alipo mama, bado pana nafasi, au amekwisha kulalia mwingine?"

Nilikwenda kuuliza. Mwenye daftari alifunua kurasa, akahesabu kwa kidole, akasema pale pamezikwa watu watatu tangu 1974, na wa mwisho hajatimiza miaka miwili.